Taa ya Chumba cha Uani

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, ni kudhani kwamba taa ikizimika umeme umeondoka. Mtu anabonyeza swichi, giza linaingia, naye anaamini kuwa hatari imetoka chumbani pamoja na mwanga. Najua utasema kaka ameanza darasa lake hata kabla ya salamu. Nivumilie. Nimefundisha wanafunzi wengi somo hili, lakini safari hii linakuhusu wewe kuliko yeyote niliyepata kumfundisha.

Sasa salamu. U hali gani? Shemeji hajambo? Wanao wanaendeleaje, na yule mkubwa amepata kazi, au bado anapata usingizi tu? Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Huku sisi tu wazima. Mama anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba, na nje anaificha ili majirani wasimwone. Anakula vizuri, anasikia yale anayotaka kusikia, na bado anasema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu, kila nikikitaja chumba cha uani, mtandao wako hukatika ghafla. Karatasi haikatiki. Isome mpaka mwisho, hata kama itakubidi uiweke kando kidogo, unywe maji, kisha urudi.

Sitazunguka. Nakuandikia juu ya kifo cha kaka yetu Ngazi, na juu ya neno alilolitamka Mama siku ile, ambalo limekuweka mbali na nyumba hii tangu ulipoweza kujitegemea. Unatuma nguo, unatuma dawa, unatuma salamu kwa kila apitaye njia, ila wewe mwenyewe hujaja. Wala sikulaumu. Nataka tu ujue yaliyotokea humu ndani, na yalianza na jambo dogo sana: nilibadilisha taa.

Nilipostaafu na kurudi kukaa na Mama, nyumba hii ilikuwa bado inatumia globu zile za kizamani, zenye uzi mwembamba ndani ya kioo. Nilimweleza Mama kwamba globu ya namna ile kwa kweli ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Umeme unaupasha ule uzi mpaka unang'aa, na karibu nguvu yote inapotea kuwa joto. Weka mkono karibu utaona. Taa mpya za kubana matumizi hazina uzi. Zina bomba la kioo lililosokotwa, ndani yake mna gesi na zebaki kidogo, na bomba limepakwa unga mweupe kwa ndani, unga ambao ndio unaotoa mwanga. Umeme zinaoutumia ni kidogo mno. Mama alinisikiliza kwa utulivu, akaishika ile taa, akaigeuza, kisha akauliza kwa nini wamemtengenezea taa kwa utumbo wa kuku.

Pingamizi lake la pili lilikuwa la maana zaidi. Alisema ameziona kwa jirani, na mwanga wake unamfanya mtu aliye hai aonekane kama maiti anayesubiri ndugu zake waje kumtambua. Nikamwambia zipo zenye mwanga wa manjano. Akasema basi nifanye nitakalo, maana mwalimu hafundishiki.

Nikabadilisha sebuleni, jikoni na ukumbini. Nikiri kwamba nyumba ilibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Taa hizi haziruki mara moja kama globu. Zinawaka kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa na hataki kufumbua macho. Katika ule mwanga mdogo wa mwanzo niliyaona mambo ambayo globu ilikuwa imeyafunika. Juu ya kiti cha Baba, ukutani, pana alama ya mafuta ya kichwa chake, pale alipokuwa akiegemea kusikiliza redio. Mviringo ule uko wazi kabisa. Nilipita chini yake wiki nzima nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

Chumba cha uani nilikiacha mwisho. Unakumbuka kilivyo: dari chini, dirisha moja la mbao, kitanda cha Ngazi kando ya ukuta, na viatu vyake chini ya uvungu, virefu kama mitumbwi. Mama hajaruhusu kitu kutolewa. Globu iliyokuwa mle Baba aliifunga mwenyewe baada ya msiba, akiwa amezima swichi kuu ya nyumba nzima, na kwa vile iliwashwa kwa nadra ilidumu miaka yote hiyo. Nami nilizima swichi kuu kabla ya kuigusa. Ni mazoea ya maabara, si hekima. Nikafunga taa mpya, nikarudisha umeme, nikaiwasha, ikawaka. Nikaizima, ikazimika. Nikaenda zangu kupalilia maua.

Mchana, Mama hupenda kujilaza katika chumba kile, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya jua. Siku ya pili yake nilimsikia akiniita. Hakupaza sauti. Aliniita Mwalimu, kama anavyoniita anaponitania, ila safari hii hapakuwa na utani. Nilimkuta amekaa kitandani, uso ameuinua darini. Akaniambia niufunge mlango nisubiri.

Nilisubiri katika giza. Swichi ilikuwa imezimwa. Niliigusa kwa kidole kuhakikisha. Kisha taa ikapepesa. Mdogo wangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama radi ya mbali isiyo na ngurumo: weupe hafifu ulikijaza chumba, nikaona kitanda, viatu, mkono wa Mama juu ya shuka, halafu giza. Pakapita kimya. Ikapepesa tena. Kila mara nilihisi kwamba kuna mtu aliyekuwa amesimama katikati ya chumba na amejiondoa sekunde moja kabla ya mwanga kufika. Mimi niliyewaambia wanafunzi kwamba mizimu haina uzito wala ujazo, nywele zilinisimama mpaka kisogoni.

Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba kijana wetu amerudi.

Fundi umeme tuliyemwita ni yule wanayemwita Dakika Moja, kwa sababu kila kazi kwake ni ya dakika moja, hata zile zinazomshinda siku nzima. Aliitazama taa akacheka. Akasema ni feki, zimejaa madukani, akatoa nyingine mfukoni mwake akaifunga. Tukafunga mlango, tukasubiri. Ikapepesa vilevile. Dakika Moja alikusanya vifaa vyake kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake, akamwambia Mama kwa heshima zote kwamba, Bibi, hii si kazi ya bisibisi. Hata bisibisi yenyewe aliisahau juu ya kitanda.

Habari haikulala. Jirani yetu mshonaji alikuja na uzi ukiwa bado shingoni, akachungulia, akatoka. Alimwambia Mama asithubutu kumfukuza mtoto aliyekuja kwa amani, na kwamba kama angekuwa mtu wa kelele angevunja vyombo, lakini huyu anagonga kwa adabu. Mama alimshukuru kama mtu aliyepongezwa kwa mwana aliyefaulu mtihani.

Kuanzia hapo alianza kukaa mle mchana kutwa. Alikuwa akiingia na vikombe viwili. Kupitia mlango nilimsikia akizungumza, akisimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kauza nyumba, halafu ananyamaza kungoja. Taa ilipopepesa alicheka au aliguna, kama tunavyofanya mwenzetu akijibu. Akaacha kuilalamikia chai yangu. Hilo lilinitisha kuliko taa.

Kisha siku moja nilisikia swali ambalo lilinigandisha mkono kwenye komeo la mlango. Alikuwa akiuliza: "Nimwambie mdogo wako? Nimwambie, au nife nalo?" Taa haikumjibu upesi. Nilimsikia akishusha pumzi, akasema basi, kama hutaki nitanyamaza. Siku iliyofuata akauliza tena, na siku iliyofuata tena. Taa ikichelewa, alitoka na uso uliofungwa. Ikiwahi, alitoka, akaiomba simu yangu, akaishika, akanirudishia bila kupiga.

Nikaelewa mambo mawili. La kwanza, Mama ana neno lako na amelibeba muda mrefu. La pili, ameliacha neno hilo mikononi mwa taa, nayo taa haijui ndiyo wala hapana. Nikaona kwamba kama nisipoijua sababu, mtapoteana ninyi wawili kwa hukumu ya kipande cha kioo.

Basi nilikaa chini nikafikiri kama ninavyowaambia wengine wafikiri. Umeme huja kwa waya mmoja, tunaouita waya wa moto, na hurudi kwa waya wa pili. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto, kabla umeme haujafika kwenye taa. Sasa chukua mfano wa bomba la maji. Ukilifunga mwanzoni, bomba linabaki tupu. Ukilifunga mwishoni, maji hayatembei na ndoo haijai, kwa hiyo utadhani bomba ni kavu. Kumbe limejaa pomoni, na atakayelitoboa atalowa. Swichi ikikata waya wa kurudi, taa inazimika vizuri tu, lakini umeme umefika mpaka kwenye kishikilio cha taa na umesimama pale, unangoja.

Globu ya zamani haiwezi kukuonyesha hilo. Inahitaji umeme mwingi ili iwake, na ule unaovuja ni kidogo mno. Lakini taa hizi mpya zina kijisanduku kitakoni kinachokusanya ule uvujaji, tone kwa tone, mpaka kinapojaa kinajaribu kuiwasha taa, inapepesa, kinaishiwa, kinaanza upya. Ndiyo maana taa ya Dakika Moja ilipepesa vilevile. Ubovu haukuwa kwenye taa.

Nilivaa viatu vya mpira, nikapanda kiti cha mbao, nikaifungua taa, swichi ikiwa imezimwa. Nikaingiza testa, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, kwenye kishikilio. Kijitaa cha testa kikawaka chekundu.

Niliteremka nikakaa sakafuni. Sikuwa nawaza taa tena. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Mimi siku ile sikuwepo, nilikuwa chuoni. Ninayoyajua niliyasikia kwako na kwa wengine. Mvua ilikuwa imevuja darini, nawe ulikuwa unapiga deki. Globu ilikuwa imepasuka, kitako chake kikabaki ndani ya kishikilio. Ukamwita Ngazi, kama sote tulivyomwita kila kitu kilipokuwa juu. Alikuja peku, mikono ina maji, akikutania kwamba siku akioa utalazimika kurefuka. Akakuuliza kama umezima. Ukasema umezima. Akakwambia hakikisha. Hapo ndipo umekwama maisha yako yote, mdogo wangu, kwa sababu hukumbuki kama uliigusa swichi tena, na kama uliigusa, uliielekeza wapi. Yeye akanyoosha mkono. Dari ni fupi na yeye alikuwa mrefu. Hakuhitaji kupanda kitu. Mara nyingi nimewaza kwamba angekuwa na kimo changu angesimama juu ya kiti cha mbao na leo angekuwa babu mwenye kelele. Alisimama kwenye sakafu uliyotoka kuilowesha.

Mama aliingia mbio, akakuona umesimama karibu na swichi, akatamka mbele ya majirani: "Umemuwashia mwenzio!" Neno likatoka nje kabla ya jeneza.

Sasa kuhusu Baba. Chumba kile alikijenga na kukitia umeme yeye mwenyewe, nawe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Unajua alikuwa fundi baiskeli, na hapakuwa na kitu asichokifananisha na baiskeli. Mimi nilikuwa nikimshikia tochi. Alikuwa na waya wa rangi moja tu, mweusi wote, na nilimsikia akimwambia Mama kwamba umeme ni kama breki: kata waya popote upendapo, breki haishiki. Akakata mmoja akaweka swichi. Akawasha, ikawaka. Akazima, ikazimika. Tulipiga makofi. Baba alikufa akiamini ile ni kazi nzuri, na sidhani kama kuna anayeweza kumdai kwa asichokijua. Ila waya aliokata ulikuwa wa kurudi.

Hivyo sikiliza. Ulikuwa umezima. Kama uliigusa tena au hukuigusa, haidhuru. Kwa swichi ile hapakuwa na namna ambayo mkono wako ungemwokoa, wala namna ambayo ulimuua.

Kumweleza Mama kulinichukua siku kadhaa za kusitasita. Nilijiona nakwenda kumnyang'anya mtoto aliyerudi, kisha nimkabidhi badala yake kosa la mume aliyemzika. Mwishowe nilimkalisha kitandani mle, nikamweleza yote, bomba la maji na breki ya baiskeli. Alisema nieleze tena, polepole, kama ninavyowaeleza wale wagumu. Nikaeleza tena. Nikamwonyesha testa. Alikitazama kile kijitaa chekundu.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Amenipa ruhusa nikuandikie kama alivyolisema.

Mama alisema kwamba siku ile, alipoingia, aliitazama swichi kwanza, kabla hata ya kumtazama mtoto. Na aliikuta imezimwa. Aliiona kwa macho yake mawili. Anasema akili yake ilikataa, kwa sababu kama swichi imezimwa na mwanawe anakufa, basi kilichomuua si kitu cha kibinadamu na kimo ndani ya nyumba yake. Neno lilimtoka lenyewe, likielekea kwa aliye karibu. Baadaye, Baba alipokwisha kuzima umeme wa nyumba nzima na watu wamejaa, ulimtazama ukingoja aseme. Anayakumbuka macho yako. Hakusema. Alifikiri kuwa na mtoto mzembe ni msiba mdogo kuliko kuwa na nyumba yenye kitu kisicho na jina. Mwaka ukapita, ikawa vigumu zaidi. Na wewe ulipoanza mwenyewe kusema kwamba labda ulikosea, alikuacha uamini, kwa sababu ilimpunguzia hofu. Ameishi na kitu kile chumbani miaka yote. Kwake, taa ilipopepesa, alidhani kimekuja kudai, kisha akajifariji kwamba ni Ngazi.

Nilitaka kukasirika kwa niaba yako, nikashindwa, maana alikuwa mdogo sana pale kitandani.

Tulimwita Dakika Moja, akaja akiwa ameinamisha uso, nami nikamsimamia mpaka alipoubadilisha waya. Kabla hajaanza Mama aliuliza, na akinyamaza je? Nilimwambia kwamba Ngazi alikwisha kunyamaza zamani, na kilichokuwa kinasema ni waya wa Baba. Akasema nina huruma kama ya chaki. Akaomba aachwe mle peke yake kwanza. Alitoka na vikombe viwili, kimoja bado kimejaa, akakimwaga kwenye maua yangu. Tangu siku hiyo taa ikizimwa inazimika. Mle ndani sasa ni giza tu la kawaida, na Mama hukaa sebuleni chini ya alama ya kichwa cha Baba.

Nawe huko kwako mwite fundi akague swichi zote, hasa za vyumba vilivyoongezwa baadaye. Taa yako ikipepesa baada ya kuzimwa, usiite jirani.

Sikwambii umsamehe. Hilo ni lako, na lina haki ya kuchukua muda wake. Yeye mwenyewe anasema mama akipiga simu kuomba msamaha anamlazimisha mtoto, na hataki kukulazimisha tena kwa lolote. Lakini nimezungumza na daktari wake. Moyo umechoka, na sitaki neno hili lifike kwako kupitia kwangu peke yangu, likiwa limeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu. Unastahili kulisikia kinywani mwake, angali na kinywa cha kulisema.

Nisalimie shemeji, nisalimie wanao mmoja mmoja, na mwambie yule mkubwa mjomba wake anamngoja aje ashike tochi. Jirani mshonaji anakusalimu, ingawa amesikitika kidogo kwamba mzimu ulikuwa waya.

Ni mimi kaka yako mkubwa, anayekupenda.

Mpigie Mama leo.